Bibi Mzaa Bibi Hayumo Kwenye Nasaba: Watumwa katika Masimulizi na Riwaya Zetu



Sisi Waswahili tulio ughaibuni tuna mazungumzo mawili tusiyoyachoka: siasa za nyumbani na asili zetu. Iwe London, Muscat, Dubai au Toronto, pilau ikishaliwa na chai ya tangawizi ikishateremshwa, haupiti muda mrefu ataanza mmoja kwamba babu yake alitoka Hadhramaut. Mwengine atasema wake alitoka Nizwa, wa tatu kwamba wao ni Washirazi wa tangu na tangu, wa nne kwamba ukoo wao ulihamia kutoka Barawa. Yote hayo yaweza kuwa kweli tupu. Lakini katika miaka yangu zaidi ya thelathini ya kukaa nje sijapata kumsikia mtu barazani akisema: "Bibi yangu mzaa bibi aliletwa Unguja na jahazi kutoka Kilwa, akauzwa." Watumwa waliopita pwani yetu walikuwa maelfu kwa maelfu. Wajukuu zao wamekwenda wapi?

Nitasema mapema ninachokiamini. Wajukuu hao ni sisi wenyewe. Na bibi zetu wale hawakupotea. Waliandikwa, ila hawakuandikwa kwenye nasaba. Wamo kwenye masimulizi ya maisha na kwenye riwaya, na huko ndiko tunakopaswa kuwatafuta, kwa sababu nasaba zilitungwa kwa namna ambayo haina nafasi yao.

Hesabu ndogo

Mimi ni mhandisi, na mhandisi akikwama huanza na hesabu. Kila mtu ana wazazi 2, mababu na mabibi 4, kisha 8, kisha 16, na katika kizazi cha tano 32. Vizazi vitano ni kama miaka 150. Hapo tunafika miaka ya 1870, pale Sultani Barghash, kwa kubanwa na Waingereza, alipofunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Sasa chukua ile nasaba unayoijua kwa moyo, fulani bin fulani bin fulani. Hiyo ni njia ya mtu mmoja tu kati ya 32. Wale 31 hatuwataji, na wengi wetu hatujui hata majina yao.

Karne ya kumi na tisa ndiyo karne ya mikarafuu. Mashamba ya Unguja na Pemba, na yale ya nafaka na minazi ya mrima na Malindi, yalilimwa kwa mikono ya watumwa, nao walikuwa sehemu kubwa ya wakaazi. Mtu ambaye watu wake wamekaa pwani hiyo kwa vizazi vitano, na katika wale 32 hakuna hata mmoja aliyepata kuwa mtumwa, huyo ni adimu kama lulu.

Mbona basi hawaonekani? Sababu moja ni ya sheria. Mtoto wa bwana aliyezaliwa na suria alimfuata baba yake: alikuwa mngwana kama ndugu zake wa ndoa, akirithi nao. Mama aliyezaa hakuuzwa tena, na bwana akifa alikuwa huru. Sheria hiyo ilikuwa na huruma yake, na watoto wengi iliwaokoa. Lakini kwa njia hiyo hiyo utumwa ulifutika ndani ya kizazi kimoja, na mama akafutika pamoja nao. Mtoto alipata baba, ukoo na nisba. Upande wa mama ukabaki kimya.

Anayebisha na aangalie kasri la mfalme. Seyyid Said alipofariki mwaka 1856, watoto wake waliobaki hai wote walikuwa wa masuria. Wanne kati yao walikalia kiti cha Unguja mmoja baada ya mwengine: Majid, Barghash, Khalifa na Ali. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa Mtoni na Beit el Sahel, mitaani ilikuwaje?

Katika watoto hao alikuwemo Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ambaye baadaye aliolewa na Mjerumani akajulikana kama Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo anamweleza mama yake, Mcherkesi aliyechukuliwa angali mtoto mdogo baada ya wazazi wake kuuawa vitani. Anamweleza kwa mapenzi na uchungu. Na katika kitabu hicho hicho Salme anautetea utumwa wa kwetu, anaona Wazungu wanaukuza kuliko ulivyo. Binti wa mtumwa, bibi mwenye watumwa, mtu mmoja. Tukitaka kuelewa utumwa wa pwani ulivyoingia ndani ya nyumba na ndani ya damu, tuanze na mwanamke huyu, wala tusimrahisishe.

Kalamu ilikuwa mkononi mwa nani

Katika kazi yangu hakuna kipimo kisicho na kosa. Hatukitupi kipimo kwa hilo. Tunauliza kosa lake liko wapi, kisha tunakisoma kwa kulijua. Masimulizi ya watumwa nayo yasomwe hivyo.

Tuanze na ya mabwana. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu Tippu Tip, aliacha maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwaka 1902 na 1903. Ni Kiswahili kitamu, na kila msomaji wetu angepaswa kukijua. Ndani yake pembe za ndovu zinahesabiwa frasila kwa frasila. Watu waliozibeba kutoka Manyema hadi pwani, hao wanapita kama vumbi la safari. Mwenye kitabu hakuona haja ya kuwaficha, hawakuwa habari.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Desturi za Wasuaheli iliyotoka mwaka 1903, anatupa jambo jengine: daraja zilizokuwamo ndani ya utumwa wenyewe. Aliyeletwa karibuni kutoka bara aliitwa mjinga. Aliyezaliwa pwani aliitwa mzalia, naye alijiona mbali sana na mjinga. Tazama neno hilo leo. Tukimwita mtu mjinga tunamtukana akili. Zamani lilimtaja mgeni aliyetekwa, asiyejua lugha wala desturi za mji. Sisi tuliofika Ulaya na Marekani tukiwa hatujui kununua tiketi ya treni tulikuwa wajinga kwa maana hiyo ya kwanza, tofauti yetu nao ikiwa kwamba sisi tulikuja kwa hiari yetu, na pasi mfukoni.

Ya watumwa wenyewe ni machache, na karibu yote yamepita mkono wa mwengine. Mwaka 1887 A. C. Madan wa misheni ya UMCA alitoa kitabu cha masimulizi ya vijana wa skuli ya Kiungani, Unguja, watoto waliokombolewa utumwani. Waliandika wenyewe, Madan akatafsiri kwa Kiingereza. Waliandika kwa ajili ya walimu waliowalea, na jambo hilo linaonekana. Lakini ni watoto wanaokumbuka kwao, vita vilivyowatoa, na mikono waliyopita mmoja baada ya mwengine. Hakuna nasaba yenye habari hizo.

Yupo Swema, mtoto wa Kiyao, ambaye maisha yake yaliandikwa kwa Kifaransa na Padri Horner wa misheni ya Kikatoliki ya Unguja katika miaka ya 1860. Mama yake alikuwa na deni. Mwenye kudai akamchukua Swema badala ya mali, akamuuza kwa msafara. Mama akaomba aende naye, akafia njiani. Swema alifika Unguja hoi, akahesabiwa kuwa hana faida tena, akazikwa angali hai. Kijana mmoja akasikia sauti yake, akamfukua, akampeleka kwa masista.

Yupo Bwanikwa, mwanamke wa Kiluba kutoka Kongo, ambaye mmisionari Dugald Campbell aliandika kwamba alipata kuwa mtumwa mara kumi. Yeye naye hakutekwa vitani. Baba yake alifiwa na mke, wakwe wakadai fidia, na alichokuwa nacho cha kulipia ni binti.

Na yupo Rashid bin Hassani, Mbisa wa nchi iitwayo leo Zambia, aliyechukuliwa angali mtoto, akafikishwa Unguja. Alipokuwa mzee alimsimulia afisa mmoja wa Kiingereza, W. F. Baldock, na simulizi yake ikachapwa mwaka 1936 katika kitabu kilichohaririwa na Margery Perham. Jina lake ni la pwani, tena lina "bin" kama la mngwana yeyote. Lakini anapojitambulisha yeye bado ni Mbisa. Pwani ilimpa jina, wala haikuweza kumnyang'anya kwao. Vyote viwili alivibeba mpaka uzeeni, na hakuna kilichomfukuza mwenzake.

Wakiwekwa pamoja, Swema na Bwanikwa wanatufundisha jambo ambalo mabishano yetu hayalifikii. Sisi hugombana kama tuko mahakamani. Huyu anasema Waarabu ndio waliouza, yule anajibu kwamba wenyewe kwa wenyewe waliuzana. Wenye simulizi hawazungumzi hivyo. Wanasema: nilitolewa kwa deni. Wanamjua aliyewatoa, mara nyingine ni mtu wa mji mmoja, mara nyingine ni baba. Hilo halimpunguzii lawama mwenye jahazi hata chembe, kwani bila soko la pwani deni lile lingelipwa kwa mbuzi au kwa jembe. Linaonyesha tu kwamba soko lilifika mpaka jikoni, likamfanya mtoto kuwa fedha.

Uhuru na ungwana

Kitabu kimoja kinastahili kukaa peke yake. Mwaka 1934 James Mbotela, mtoto wa waliokombolewa, alichapisha Uhuru wa Watumwa. Ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vya hadithi ndefu vilivyoandikwa moja kwa moja kwa Kiswahili na Mwafrika. Kinaanza huko Nyasa, kinafuata safari ya kufungwa, pwani na jahazi, kisha manowari ya Kiingereza inatokea na watu wanashushwa Freretown, kijiji cha misheni ya CMS nje ya kisiwa cha Mombasa kilichoanzishwa katika miaka ya 1870. Kengele yao ingalipo, na mtaa unaitwa Kengeleni.

Wasomaji wa baadaye wamemlaumu Mbotela kwamba anawasifu Waingereza kupita kiasi, na lawama hiyo ina haki yake. Waingereza wale wale walipotoa amri ya mwaka 1897 ya kufuta hali ya utumwa Unguja na Pemba, waliwalipa fidia mabwana, si watumwa, na masuria wakaachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Pwani ya Kenya ilingoja mpaka 1907, Tanganyika mpaka 1922. Lakini mimi nikikisoma kitabu kile naona kitu chengine. Watu wa Freretown hawakuwa na "bin fulani bin fulani" ya kusoma barazani. Wenyeji wa mji waliwaita mateka. Mbotela aliwaandikia nasaba: tulitoka hapa, tukapita hapa, tukafika hapa. Kwa kuwa ilikuwa nasaba ya watu wote kwa pamoja, aliianza na mahali badala ya kuianza na baba.

Tazama pia neno alilolitia juu ya jalada. Uhuru, kwa asili yake, ni hali ya asiyekuwa mtumwa. Miaka ishirini na kitu baadaye neno lile lile lilipigiwa kelele viwanjani Dar es Salaam, Nairobi na Unguja, na wengi walioliimba hawakukumbuka lilikotoka.

Ungwana nao una kisa. Mngwana alikuwa kinyume cha mtumwa; ungwana ulikuwa daraja ya kuzaliwa, haununuliwi. Leo ni tabia njema tu. Na aliyeshughulika kuliko wote kulifanya neno hilo kuwa la tabia ni mtu wa ukoo huo huo wa Mbotela wa Freretown, mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025. Kwa miongo mingi kipindi chake cha redio nchini Kenya kiliuliza swali moja: Je, huu ni ungwana? Mtu wa ukoo wa watu walioitwa mateka akawa ndiye anayewapima wengine ungwana wao, na nchi nzima ikamsikiliza. Sijui kama kuna ushindi wa heshima kuliko huo.

Pale riwaya inapoingia

Masimulizi yana mwisho wake. Mtu husimulia anachoulizwa, na masuria hawakuulizwa. Hapo ndipo riwaya hufanya kazi ambayo historia haiwezi, na waandishi wetu wameifanya kutoka pande zote.

Adam Shafi, katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya mwaka 1978, ametupa mtumishi wa kasri aitwaye Kijakazi. Riwaya inafika mpaka mapinduzi ya mwaka 1964, zaidi ya nusu karne baada ya utumwa kufutwa kwa sheria, na bado jina la mwanamke ni cheo chake. M. G. Vassanji, mwandishi wa asili ya Kihindi aliyekulia Dar es Salaam na sasa yuko Canada, ameanza riwaya yake The Gunny Sack ya mwaka 1989 na mfanyabiashara Dhanji Govindji aliyezaa na mjakazi wake, Bibi Taratibu. Mama anaondoshwa, mtoto Huseni anapotea, na baba anatumia hata mali isiyo yake kumtafuta. Jambo ambalo koo nyingi za Kihindi za pwani hazilitaji, Vassanji ameliweka kuwa mlango wa nyumba nzima.

Jokha Alharthi wa Oman, katika Sayyidat al-Qamar ya mwaka 2010, iliyopata tuzo ya Man Booker International mwaka 2019 baada ya kutafsiriwa kwa Kiingereza, ametupa Zarifa. Amezaliwa utumwani tarehe 25 Septemba 1926, siku ile ile mkataba wa kukomesha utumwa uliposainiwa Geneva. Zarifa ameilea nyumba ya tajiri wake, ameipenda na imemtumia. Mwanawe Sanjar anamwambia kwamba wao ni watu huru, naye anaona mwana amekosa shukrani. Sanjar anahamia Kuwait. Kwa wasomaji wetu wa Muscat na Sur hilo si jambo la kale: Oman ilifuta utumwa mwaka 1970. Aliyezaliwa katika hali hiyo mwaka 1960 leo ni mtu wa miaka sitini na kitu tu.

Kijakazi, Taratibu, Zarifa. Hakuna hata mmoja aliyepewa jina na ukoo wake. La kwanza ni kazi, la pili ni namna bwana alivyotaka atembee, la tatu ni sifa ya kumfurahisha mwenye nyumba. Ndivyo walivyoitwa kina Mabruki, Feruzi na Zafarani katika maisha ya kweli.

Na Abdulrazak Gurnah, mwana wa Unguja aliyepata Nobel mwaka 2021, amelichukua lile deni la Swema. Katika Paradise ya mwaka 1994, ambayo tangu 2022 tunayo kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Yusuf wa miaka 12 anaondoka kwao na mtu anayemwita ami. Baadaye ndipo anaambiwa kwamba huyo si ami yake, na kwamba yeye ni rehani ya deni la baba. Bustanini yuko mzee Hamdani, mtumwa aliyepewa uhuru na bibi yake akaukataa. Haoni vipi mtu awe na uhuru wa mwenziwe hata aweze kumpa. Nimesoma mikataba na amri nyingi za kukomesha utumwa. Hakuna hata moja iliyofikiri mbali kiasi cha mzee yule wa kubuniwa.

Tufanyeje sisi

Haya si mambo ya vitabuni tu. Bado posa hukataliwa London na Muscat kwa kunong'onezana juu ya "asili" ya mtu. Neno mtumwa bado hutumiwa kumnyamazisha mwenziwe. Na watoto wetu siku hizi wanatuma mate yao maabara, wanarudishiwa karatasi inayowaambia kwamba sehemu fulani ya damu yao ni ya bara, wanatuuliza, nasi tunabadilisha mazungumzo. Karatasi ile itawapa asilimia. Haiwezi kuwapa jina, wala deni, wala njia aliyopita mtu.

Kimya hiki kinamlinda nani? Aliyetekwa hakufanya la aibu. Mwanamke aliyechukuliwa kwao, akauzwa, akajifunza lugha ngeni, akalea watoto wakawa watu, na watoto wa watoto wakafika mpaka huku kusoma na kufanya kazi: kama kuna mtu katika ule ukoo wa 32 anayestahili kutajwa kwa fahari, ni yeye.

Na bado hatujachelewa kabisa. Msichana aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1909, masuria walipofunguliwa, alikuwa na miaka 66 mwaka 1960. Mama zetu waliochungulia dunia miaka ya 1930 na 1940 wamelala mapajani mwake, wamekula mkononi mwake. Kinachotutenganisha naye ni mtu mmoja tu, na mtu huyo amezeeka. Hivyo ndivyo Sarah Mirza na Margaret Strobel walivyopata maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, Bi Kaje, Mishi wa Abdala na Bi Shamsa, yaliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991. Walikaa na wazee, wakauliza, wakaandika walivyosema. Wa nyumba ya wenye watumwa na wa ukoo wa watumwa wakakaa katika kitabu kimoja, kama walivyokaa katika mji mmoja.

Nawaomba wasomaji, mkipiga simu nyumbani wiki hii, baada ya salamu na habari za umeme na bei ya mchele, muulizeni mzee wenu wa kike swali moja: bibi yako mzaa mama aliitwa nani, na kwao wapi? Akisita, msimharakishe. Akitaja jina la Feruzi au Zafarani, mwulizeni kama alikuwa na jina jengine kabla ya hilo. Liandikeni kama alivyolitamka, na mwaka, na nani alisema. Kisha lirudisheni kwenye nasaba, mahali pake.